Mac Dre: Fundi wa mchangani aliyetamba bila kupanda ligi kuu

OKTOBA 21, 2006. Uwanja wa Memorial, mjini Berkeley, California. Mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya chuo kikuu cha California na Washington imekwenda hadi muda wa nyongeza, na wenyeji wameshinda 31-24. Aliyekimbia na mpira wa ushindi ni Marshawn Lynch, mtoto wa Oakland, mji wa jirani kabisa na hapo.

Kilichofuata ndicho kilichobaki kwenye vichwa vya watu. Lynch hakuvua jezi wala hakuteleza kwa magoti. Alirukia kile kigari cha kubebea majeruhi, akashika usukani, akaanza kukiyumbisha uwanjani, mara kushoto mara kulia, watu jukwaani wakipagawa.

Waliokuwa wakitazama mbali na California walidhani dogo kachanganyikiwa. Watu wa Bay Area, yaani miji inayozunguka ghuba ya San Francisco, walielewa palepale. Ile ilikuwa staili ya mtaani kwao. Vijana walikuwa wakiendesha magari kwa mbwembwe, wengine wanashuka gari likiwa bado linatembea, wanacheza pembeni yake. Utamaduni huo uliitwa hyphy, na jamaa anayehesabiwa kuwa baba yake alikuwa kaburini karibu miaka miwili tayari.

Jina lake Andre Louis Hicks. Mtaani walimwita Mac Dre.

Hakuwahi kusainiwa na lebo kubwa enzi za uhai wake. Redio nyingi za Marekani hazikujua hata anafananaje. Ukimweka kwenye lugha ya mpira, huyu ni yule fundi wa mchangani ambaye kila mtu mtaani anaapa kwamba hakuna anayemfikia, halafu ukifungua vitabu vya ligi kuu humwoni. Tofauti ni kwamba Mac Dre hakuishia kulalamika kijiweni kwamba alibaniwa. Alijenga uwanja wake mwenyewe.

ALIKOTOKEA

Alizaliwa Oakland Julai 5, 1970, lakini mji uliomkuza ni Vallejo, upande wa kaskazini wa ghuba. Mtaa wake uliitwa Country Club Crest. Jina linasikika kama mtaa wa mabosi wanaocheza gofu, lakini wenyewe waliuita Crest tu, na ulikuwa mtaa wa watu wa kawaida, wengi weusi, wenye shida zao na fahari yao.

Vallejo ulikuwa mji wa meli. Kiwanda cha meli za kivita cha Mare Island kilikuwepo hapo tangu mwaka 1854, na familia nyingi zilikula kupitia geti lile. Baba akitoka, mtoto anaingia. Ndivyo mji ulivyoishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa pale walianza kutafuta geti lingine. Kulikuwa na prodyuza mmoja anaitwa Khayree, fundi wa besi nzito na mapigo ya fanki, na kulikuwa na rapa aliyeitwa The Mac. Mwaka 1988 The Mac alitoa kazi iliyoitwa The Game Is Thick, na kuanzia hapo jina la Mac likawa kama jezi ya timu. Aliyekuja nyuma yake akawa Mac Dre, akafuata Mac Mall. The Mac mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 1991. Dogo aliyemfuatia akabaki ameivaa jezi.

Mac Dre alishaanza kusikika kabla ya hapo. Mwaka 1989, akiwa bado kijana wa miaka 18 au 19, alitoa wimbo ambao jina lake lilisema wazi kwamba ni mzito mno kwa redio. Alikuwa kama anajitabiria. Redio haikuwa rafiki yake mpaka anakufa.

Biashara yenyewe ilikuwa ya mikono. Too Short wa Oakland alishawaonyesha njia: unarekodi kanda, unajaza kwenye buti ya gari, unazunguka mtaa kwa mtaa. Hakuna wa kukukata asilimia, na hakuna wa kukuambia punguza maneno. E-40, mtoto mwingine wa Vallejo, alifanya hivyohivyo na ndugu zake. Mac Dre naye akaingia kwenye mfumo huo, na kufika mwaka 1992 jina lake lilikuwa linatembea.

SAFARI YA FRESNO

Hapa ndipo stori inapobadilika.

Polisi wa Vallejo walikuwa wanahangaika na wimbi la uporaji wa mabenki na maduka ya piza. Waliamini kazi hiyo inafanywa na kundi la vijana wa Crest lililoitwa Romper Room, na baadhi ya vijana hao walikuwa washikaji wa Mac Dre, watu aliokua nao. Yeye badala ya kukaa kimya, aliwachamba polisi kwenye nyimbo. Aliwaona wanapiga chenga za kizamani, akawaambia hivyo mbele ya mtaa mzima, tena kwa kuwataja.

Ukimtania refa mbele ya mashabiki, usitegemee atakuonea huruma kwenye boksi.

Machi 1992, Mac Dre akiwa na miaka 21, alisafiri na washikaji hao kwenda Fresno, karibu kilomita 300 kusini mashariki. Hawakujua kwamba nyuma yao kuna msafara. Polisi wa Vallejo, polisi wa Fresno na maofisa wa FBI walikuwa wanawafuatilia hatua kwa hatua. Hakuna benki iliyoporwa siku ile. Lakini walikamatwa, na shtaka likawa la kula njama ya kupora benki.

Utetezi wa Mac Dre ulikuwa kwamba yeye alikwenda kuonana na wasichana, na habari za benki hazikumhusu. Serikali ikaweka ofa mezani: toa ushirikiano, sema unachokijua kuhusu wenzako, tukupunguzie.

Alikataa.

Hapo kila msomaji anaweza kuwa na upande wake. Wapo watakaosema mtu mwenye kipaji kile alipaswa kujiokoa. Washikaji ni washikaji, ila kifungo unakitumikia peke yako. Wapo watakaosema kama kweli wenzake walikuwa wanapora, kuwafunika nalo ni kosa. Crest walilitazama kwa jicho moja tu: Dre hajamchoma mtu. Na kwa mtaa ule hilo lilikuwa na uzito kuliko albamu yoyote.

Alikutwa na hatia, akapigwa miaka mitano.

STUDIO YA SIMU

Kabla hajapelekwa gereza la shirikisho, alikuwa mahabusu kwenye jela ya kaunti ya Fresno. Pale kulikuwa na simu ya ukutani kama ilivyo kwenye jela nyingi za Marekani, wafungwa wanapanga foleni kuongea na nyumbani. Wengine waliitumia kuwasalimia mama zao. Mac Dre aliitumia kurekodi.

Upande wa pili wa laini kulikuwa na mashine inayonasa sauti. Yeye anachana kwenye simu, huku kelele za jela zikiwa nyuma yake, na kule nje sauti inawekwa juu ya biti. Kazi iliyotoka mwaka huohuo wa 1992 iliitwa Back N Da Hood. Sauti yake mle ni nyembamba, inakwaruza, ni ya simu kweli. Hakuna prodyuza ambaye angeomba sauti kama hiyo. Lakini ukiisikiliza huna haja ya kuambiwa jamaa yuko wapi.

Na hakuwa analia. Hicho ndicho kilichowashangaza watu. Alikuwa bado anatania na bado anawachamba waliomkamata, anawaambia walioko nje kwamba kichwa chake kiko sawa.

Halafu geti likafungwa.

DIRISHA LA USAJILI

Mashabiki wa soka wanajua umri wa miaka 21 mpaka 26 ni nini. Ni miaka ambayo straika anasajiliwa au anasahaulika. Akikaa nje kwa goti miaka minne hapo katikati, wengi hawarudi.

Mac Dre alikaa nje miaka minne, na bahati mbaya dirisha kubwa la usajili katika historia ya Vallejo lilifunguliwa akiwa ndani. Lebo kubwa zilikuja ghuba ya San Francisco na vitabu vya hundi. Jive, ambao tayari walikuwa na Too Short, wakaingia mkataba na E-40 mwaka 1994. Mac Mall, mdogo wake wa kimuziki, alitoka na albamu yake ya kwanza mwaka 1993, na Tupac Shakur mwenyewe akamwongozea video. Baadaye Mall naye akapata lebo kubwa.

Yule aliyekuwa mbele ya Mac Mall kwenye foleni, alikuwa anahesabiwa asubuhi na jioni na askari magereza.

Aliachiwa Agosti 2, 1996, mwaka mmoja kabla ya kifungo kuisha, kwa sababu ya nidhamu nzuri. Alikuta mji mwingine. Miezi minne tu nyuma, Aprili 1996, kiwanda cha Mare Island kilikuwa kimefungwa baada ya zaidi ya miaka 140. Lile geti lililolisha baba na mtoto halikuwepo tena. Wiki sita baada ya yeye kutoka, Septemba 13, Tupac akafariki kwa risasi alizopigwa Las Vegas. Machi 1997 wakamuua Notorious B.I.G. Biashara ya rap ikaingia uoga, na zile lebo zilizokuwa zikitafuta vijana wa ghuba zikaanza kutazama kwingine, hasa kusini mwa Marekani.

Ndiyo mazingira aliyorudia. Ana miaka 26, ana rekodi ya jela, hana lebo, na mji wake hauna ajira.

ALBAMU KAMA MVUA

Kilichofuata ndicho kilichomfanya Mac Dre kuwa Mac Dre.

Alianzisha lebo yake, Romp Productions. Mwaka 1998 akatoa Stupid Doo Doo Dumb, jina la kijinga kwa makusudi. Mwaka 1999 akatoa Rapper Gone Bad. Mwaka 2000 akatoa nyingine yenye jina refu kuliko orodha ya wachezaji wa akiba, Heart of a Gangsta, Mind of a Hustla, Tongue of a Pimp. Karibu na wakati huo alihamia Sacramento, mji mkuu wa California, na kampuni ikabadilika jina kuwa Thizz Entertainment.

Baada ya hapo bomba lilifunguka. Mac Dre's the Name mwaka 2001. Thizzelle Washington mwaka 2002. Al Boo Boo mwaka 2003. Mwaka 2004 pekee zilitoka albamu tatu: The Genie of the Lamp, Ronald Dregan na The Game Is Thick, Vol. 2. Hapo bado hujahesabu kanda za pamoja na wasanii wengine, nyimbo za kushirikishwa, na DVD yake ya Treal TV aliyowachekesha watu humo kama mtangazaji wa kituo cha televisheni ambacho hakipo.

Kwa msanii wa lebo kubwa wa wakati ule, albamu moja kwa miaka miwili ilikuwa kawaida. Inapita kwenye vikao, mawakili, wapiga picha, watu wa redio. Mac Dre hakuwa na vikao. Akiandika anarekodi, akirekodi anachapisha, wasambazaji wadogo wa California wanapeleka kwenye maduka ya mitaa, hela inarudi, anaingia studio tena. Mauzo ya kila albamu yalikuwa madogo ukilinganisha na wale wakubwa, lakini fungu lililobaki mfukoni kwa kila nakala lilikuwa kubwa zaidi, maana hakuwa na mabosi kumi wa kugawana nao.

Tena hakupoteza kumbukumbu. Lile jina la The Game Is Thick lilikuwa la The Mac, yule kaka aliyeuawa mwaka 1991. Miaka 16 baada ya juzuu la kwanza, Mac Dre akaliandika la pili. Mtaani walielewa salamu hiyo inakwenda kwa nani.

UCHANAJI WAKE

Sasa jamaa alikuwa anachanaje?

Kwanza, sauti. Mac Dre alikuwa na sauti inayovutika kama mpira wa manati. Neno moja anaweza kulikata fupi, linalofuata akalinyoosha mpaka mwisho wa biti, halafu akacheka katikati. Hakuwa na pupa. Alipenda kukaa nyuma kidogo ya mapigo, kama kiungo anayeusimamisha mpira, anamwangalia beki usoni, anamwacha aje mwenyewe.

Pili, maneno. Alikuwa kiwanda cha misimu. Maneno ya Crest aliyapeleka Oakland, ya Oakland akayapeleka Sacramento, na mengine aliyazua mwenyewe siku hiyohiyo studio. Wageni walihitaji mkalimani. Vijana wa kwao walihitaji wiki moja tu, wakawa wanaongea kama yeye shuleni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, alikuwa mcheshi. Rap ya California ya wakati ule ilikuwa ya kukunja uso. Besi nzito, mwendo wa polepole, hadithi za bunduki. Mac Dre alikuwa na kila sababu ya kuendelea kukunja uso kuliko hao wote, maana yeye jela aliijua kwa kulala humo. Badala yake alitoka anacheza. Alivaa miwani mikubwa, akatikisa rasta zake, akajipachika vyeo. Denzel Washington akawa Thizzelle Washington. Rais Ronald Reagan akawa Ronald Dregan, na jamaa akajitangaza kama mgombea wa urais wa mtaa, mwaka uleule ambao Reagan halisi alifariki. Siku nyingine alikuwa jini wa kwenye taa.

Halafu dansi yake. Thizzle Dance ya mwaka 2002 haikuhitaji mafunzo. Unakunja uso kama mtu aliyepita karibu na choo kibovu, unachezesha mabega, mikono inapepea, mwili unajiachia. Hata asiyejua kucheza aliweza, na hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Mapigo nayo yalibadilika, yakawa ya haraka na ya kurukaruka. Kutoka pale mpaka hyphy ilibaki hatua moja.

UPANDE WA PILI WA SARAFU

Lakini tusimpake asali mtu mpaka asionekane.

Neno thizz kwenye midomo ya vijana lilimaanisha vidonge vya ekstasi, na kumeza vidonge hivyo. Ule uso uliokunjwa ulianzia kwenye uchungu wa dawa ile. Mac Dre aliliweka neno hilo kwenye jina la kampuni, kwenye fulana na kwenye dansi, na watoto wa shule wakaiga uso kabla ya kujua unatokana na nini. Wapo walioishia kwenye uso tu. Wapo waliofika kwenye vidonge. Mtu akisimulia furaha aliyoileta, na hilo alisimulie.

Kwenye nyimbo zake pia kuna ukahaba na uhalifu unaosimuliwa kama ushujaa, na wanawake wanaotajwa kwa namna ambayo dada wa mtu hawezi kufurahia. Kipaji hakifuti hayo. Kilichopo ni kwamba mtu huyohuyo alikuwa na uwezo wa kuufanya ukumbi mzima wa watu wasio na ajira ucheke kwa saa mbili, na watu hao hawakuwa na wengi wa kuwachekesha.

KANSAS CITY

Muziki wa ghuba ulikuwa na mji wa pili ambao haukutarajiwa. Kansas City, Missouri, katikati kabisa ya Marekani, walizipenda kanda za California tangu miaka ya 1990. Kwa msanii asiye na redio, mji kama huo ni mtaji. Unajaza ukumbi, unauza CD mlangoni, unarudi nyumbani na hela.

Mwishoni mwa Oktoba 2004 Mac Dre alikwenda huko kwa shoo. Alikuwa kwenye kilele. Albamu tatu mwaka mmoja, na wimbo wake Feelin' Myself ulikuwa unapigwa kwenye kila gari lenye spika kubwa kati ya Vallejo na Sacramento. Kule nyumbani kizazi kipya cha wachanaji kilikuwa kinamwangalia yeye. Hatimaye upepo ulikuwa unageuka kuelekea upande wake.

Novemba 1, alfajiri, alikuwa ndani ya gari aina ya van kwenye barabara kuu namba 71. Gari jingine likasogea, risasi zikamiminwa. Van ikaacha njia na kuanguka. Mac Dre alikuwa amepigwa risasi shingoni. Alifia hapo. Alikuwa na miaka 34.

Mpaka leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Majina yametajwa vijiweni, watu wengine wamekufa, uvumi umezunguka, lakini mahakama haijamtia hatiani mtu yeyote. Mwaka 1992 serikali ilikuwa na polisi wa miji miwili na FBI nyuma ya gari lake kwa benki ambayo haikuporwa. Miaka 12 baadaye, gari lake lilipomiminiwa risasi, hakupatikana wa kujibu.

BAADA YA FILIMBI

Alizikwa Oakland, mji aliozaliwa. Kisha likatokea lile ambalo hutokea mara chache: timu ikacheza vizuri zaidi baada ya nahodha kuondoka.

Mwaka 2006 hyphy ikalipuka. E-40 akatoa My Ghetto Report Card, na wimbo wa Tell Me When to Go, aliomshirikisha Keak da Sneak, ukaipeleka dansi ya mtaani kwenye televisheni ya Marekani nzima. Miwani mikubwa, rasta zinazotikiswa, nyuso zilizokunjwa, magari yanayotembea bila dereva. Vitu ambavyo Mac Dre alivifanya mbele ya watu mia tano, sasa vilitazamwa na mamilioni. Yeye hayupo. Oktoba mwaka huo Marshawn Lynch akapanda kile kigari cha majeruhi.

Mtindo huo haukukaa sana juu. Lebo kubwa zilikuja, zikachuma, zikaondoka, kama kawaida yao. Lakini Drake, mtoto wa Toronto, alipokwenda kupiga video ya The Motto huko ghuba mwaka 2012, video hiyo ilianza na mama yake Mac Dre akizungumza. Msanii mkubwa kuliko wote wa wakati ule alijua huwezi kuingia uwanja wa watu bila kupiga hodi kwa mwenye nyumba.

Mama huyo amebaki kuwa mlinzi wa jina la mwanawe. Kila Julai mashabiki wanakutana kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na wengi wanaokunja uso kwenye sherehe hizo hawakuwa wamezaliwa siku anauawa.

Hesabu yake ni fupi. Alitoka jela Agosti 1996, akauawa Novemba 2004. Hiyo ni miaka minane na miezi mitatu ya uhuru. Kwa mtu mwingine ingekuwa miaka ya kusimulia namna alivyoonewa, namna dirisha lilivyofungwa yuko ndani, namna wadogo zake walivyompita. Angekuwa na haki ya kusema yote hayo, na kila kijiwe kingemnunulia soda.

Yeye aliichukua miaka ile minane kama dakika za nyongeza. Hakuna aliyejua refa ataongeza ngapi, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua. Basi akashambulia mpaka filimbi ikapulizwa.